Mapigo Gotini Pangu

Siku tuliyomzika Ainea, mume wangu, mzee mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani alisimama kando ya jeneza, akavua kofia, akasema, "Huyu mtu alikuwa na sikio. Mimi katika maisha yangu sijaona sikio kama ile." Watu wakaitikia kwa kuguna. Akaeleza jinsi Ainea alivyokuwa akiweka ncha moja ya chuma kirefu juu ya beringi ya mtambo wa kusaga miwa, ncha nyingine akaiegemeza sikioni, akafumba macho katikati ya kelele zile zote, kisha akasema hii ni mgonjwa, ifunguliwe kabla haijatuua. Ikifunguliwa, kweli ilikuwa mgonjwa. Ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Sikio, na wengine hawakujua hata kwamba ana jina jingine. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, leso imenibana kichwa, na watoto wangu watatu wameketi kandokando yangu, watu wazima wenye familia zao. Sina subira na watu wanaosifu maiti. Huyu mzee hakuwa anadanganya, alisema alichokijua, lakini nilitamani akae chini. Watoto wangu walikuwa wakitabasamu huku wakilia, wakijivunia sikio la baba yao. Hawajui kwamba kabla yao alikuwako mwingine, na kwamba sikio hilohilo ndilo lililonizuia nisimkimbize hospitali.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Nilitoka kwetu Likuyani, kwenye mashamba ya mahindi ambako mtu akimwita mbwa wake unamsikia kutoka ng'ambo ya bonde, nikaja kuishi Kabras kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Tuliziita laini kwa sababu zilijengwa zikafuatana kama mabehewa. Yetu ilikuwa chumba kimoja na jiko dogo nyuma. Ukuta uliotutenga na jirani haukufika kwenye mabati, kwa hiyo tuligawana na majirani moshi, kikohozi, ugomvi na harufu ya dagaa wa omena. Nguo nilizoanika asubuhi niliziondoa kambani jioni zikiwa na vidoadoa vyeusi vya masizi kutoka kwenye bomba la kiwanda. Na kelele. Mitambo ilinguruma usiku na mchana bila kupumua, hata vikombe kwenye rafu vilitetemeka kidogo vikigusana. Wiki za kwanza nilidhani nitapata wazimu. Baadaye niliacha kuisikia, kama watu wote wa pale.

Ainea alikuwa mtu wa kuzungumza kwa sauti ya juu, kama wanaume wote wa mitambo. Alikuwa pia na tabia ya kukutazama mdomoni unapozungumza naye. Angeacha kijiko, angeacha gazeti, angenigeuzia uso mzima na kunitazama midomo hadi nimalize. Kwetu sikuwahi kuona mwanamume akimsikiliza mwanamke namna hiyo. Nilidhani ni mapenzi, na hata leo sitaki kusema hayakuwa mapenzi. Nilikuwa msichana mdogo, mwembamba, mwenye kiburi cha kuolewa na fundi anayejulikana, na nilipopata mimba mwezi wa pili tu wa kukaa naye, kiburi kikaongezeka. Nilipita kwenye bomba la maji la laini nikiwa nimetanguliza tumbo kabla hata halijaonekana.

Kliniki alinisindikiza mwenyewe. Siku zile lilikuwa jambo la kuchekesha, mwanamume kukaa kwenye benchi la wajawazito akiwa na ovaroli. Wanawake walimwangalia, wakanong'onezana, yeye hakujali. Tulipoingia, sista alinilaza, akanipapasa tumbo kwa mikono ya baridi, akachukua pembe fupi ya mbao iliyopanuka upande mmoja, akaibana kati ya tumbo langu na sikio lake. Kisha akasema, "Yuko sawa. Anapiga mbio."

"Mbio namna gani?" Ainea akauliza.

Sista akacheka. Akagonga meza kwa kidole, upesi upesi, karibu mapigo hayaachani. "Namna hii. Ya mama inaendanga polepole, ya mtoto inakimbia. Kuja usikie mwenyewe, baba."

Ainea akainama. Nilikitazama kichwa chake kikubwa juu ya tumbo langu, nywele zina unga wa chuma, na nikaona amefumba macho vilevile wenzake walivyosema anafumba kiwandani. Alikaa muda mrefu hata sista akatazama mlango, kwa maana foleni ilikuwa ndefu. Aliponyanyuka alitikisa kichwa kwa kukubali, mara kadhaa. Nilimuuliza njiani amesikia nini. Akasema, "Mtoto wangu." Nikamwonea wivu. Nilikuwa nimembeba mimi, na nilikuwa mtu pekee katika kile chumba ambaye hakumsikia.

Alipata kipande cha mti wa mpera, akakikausha juu ya dari ya jiko letu, kisha akakipeleka karakana ya kiwanda na kukichonga kwa mashine saa ya mapumziko. Ilitoka pembe nzuri kuliko ile ya kliniki, laini, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Tangu siku hiyo, kila jioni alipotoka kazini, akisha kuoga na kabla hajala, aliniambia nilale kitandani. Alifungua mlango ili mwanga uingie, akavuta kigoda, akaiweka pembe mahali sista alipoiweka, akategesha sikio. Mkono mmoja aliuacha ukining'inia ovyo. Mkono wa pili aliuweka gotini pangu. Nilimwambia jioni ya kwanza kabisa, "Na mimi je? Mimi nitasikia na nini?" Akafikiri, kisha kidole chake cha shahada kikaanza kunigonga gotini, upesi upesi, upesi upesi. "Sikia na hiyo," akasema. "Mimi nasikia hapa, nakuletea hapo."

Sidhani kama nimewahi kupewa zawadi iliyonifurahisha zaidi ya ile. Nililala pale nikitazama mabati, harufu ya mboga ya mrenda ikitoka jikoni, na mtoto wangu akinigonga gotini kupitia kidole cha baba yake. Pembe haifiki kwenye sikio la mwenye tumbo, hata ujikunje namna gani. Nilijaribu siku moja nikiwa peke yangu, nikajikunja hata shingo ikaniuma, nikaishia kucheka. Kwa hiyo nilimngoja Ainea. Saa ya king'ora cha kubadilisha zamu ilipokaribia nilianza kutandika kitanda, na moyo wangu ulifurahi kama wa mtu anayengoja mgeni.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Zabuloni, mwanamke mnene mwenye watoto wanne na mdomo usiofungwa, na mumewe dereva wa trekta. Jioni moja Ainea akiwa ameinama, niliwasikia wakizungumza bila hata kupunguza sauti.

"Huyu jamaa amegeuza bibi yake mtambo," mume akasema.

"Wacha amgeuze. Si angalau anamwangalia? Wewe hata Zabuloni ulijua iko hai siku ililia."

Nilicheka hadi tumbo likatikisika. Ainea akainua kichwa, akaniuliza nacheka nini. Yeye hakuwa amewasikia. Nilimweleza, naye akacheka kwa kuchelewa, kisha akarudisha sikio.

Mama mkwe alikuja kutoka Mautuma mimba ilipofika mwezi wa saba, akiwa na kuku amefungwa miguu na debe la mahindi mabichi. Alichinja yule kuku mwenyewe, akanipikia, akasonga ugali wa wimbi mgumu wa kumegwa kwa nguvu, akakaa akinitazama nikila hadi nikamaliza. "Obusuma na ingokho," akasema. "Hiyo ndiyo dawa ya mtu amebeba." Jioni akaona ile shughuli ya pembe. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, hadi mwanawe alipomaliza na kutangaza kwamba mtambo unatembea vizuri, hakuna kelele ingine. Mama mkwe hakucheka.

"Ainea," akasema, "mutoto anasikizwanga na mama yake. Akicheza, iko. Akinyamaza, mama anaamka anaenda kwa sista. Sasa hii pembe ni ya kusikiza nini?"

"Mama, hii ni kitu ya hospitali," Ainea akajibu kwa upole. Akaifuta pembe kwa shati lake, akaitundika kwenye msumari wake juu ya kitanda.

Kesho yake mama mkwe alirudi kwake kuvuna. Mara nyingi nimefikiri kwamba kama angekaa wiki chache zaidi mambo yangekwenda vingine. Ni mawazo ya bure, lakini ukiwa mjane una muda mwingi wa mawazo ya bure.

Mtoto wangu alipenda chai. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Sukari haikuwa shida katika nyumba zile, na nilizoea kunywa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, tamu ya kukwama kooni, mara tu baada ya kufua. Kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameamka. Alianza upande wa kulia kwa kisigino, nadhani, kisha akazunguka mwili mzima, tumbo likavimba hapa na kubonyea pale, na mimi nikimwambia subiri basi, acha mama yako ameze. Sikuwaambia watu kuhusu jambo hili. Ainea alikuwa na pembe yake, mimi nilikuwa na kikombe changu.

Kisha ikaja wiki ya kuzima mitambo. Kila mwaka kiwanda kilisimama ili mafundi waifungue mitambo yote, waisafishe na kubadilisha vilivyokwisha. Laini ikawa kimya kabisa. Watu walijikuta wakipiga kelele wakati hakuna sababu, na watoto wachanga walilia kwa kukosa ule mngurumo waliozaliwa nao. Katikati ya ukimya huo nilikunywa chai yangu, nikaweka kikombe chini, nikangoja. Hakuamka. Nikajimiminia kingine, nikaongeza sukari, nikakinywa kikiwa moto. Nililala upande wa kushoto, nikalala upande wa kulia, nikajibonyeza kwa vidole. Tumbo lilikuwa zito, likakaa tu mahali nilipoliweka. Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango kumngoja Ainea.

Alirudi amepakaa grisi hadi mabegani. "Mtoto hajacheza leo," nikamwambia kabla hajavua viatu. Hakuoga. Alichukua pembe, akanilaza, akainama. Nilihisi mapigo ya moyo wangu shingoni, masikioni, hata kwenye ufizi. Kidole cha Ainea gotini pangu kilikuwa kimetulia. Halafu nikaona uso wake ukibadilika. Mdomo ukafunguka. Aliponitazama macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Nelima," akasema. "Leo namsikia. Namsikia kabisa kabisa. Anapiga na nguvu."

Na kidole kikaanza kunigonga.

Nililia na mimi. Nilishukuru Mungu kwa sauti, Mama Zabuloni naye akashukuru kutoka ng'ambo ya ukuta bila kujua tunashukuru nini. Neno lile, leo, nililisikia likapita. Nilidhani amemsikia vizuri zaidi kwa sababu mitambo imezimwa. Tulikula ugali na kunde jioni ile kama watu walioponea chupuchupu, Ainea akinitazama mdomoni hata nikiwa natafuna.

Siku iliyofuata chai haikumwamsha, wala iliyofuata. Nilimwambia Ainea nataka kwenda kliniki. Akasikiliza kwanza, akiwa amesimama na ovaroli yake tayari kutoka. "Moyo iko," akasema. "Iko imara, haijapoteza hata moja. Amelala tu, Nelima. Sista alisema wakikaribia kutoka nafasi inakuwanga kidogo." Hilo la nafasi sista hakulisema. Labda alilisikia kwa wenzake kazini. Kisha akanieleza kwa upole, akiwa ameshika mkono wangu, jinsi wanavyofanya kule kiwandani. Mtambo ukilia vizuri hawaufungui. Anayefungua mtambo unaolia vizuri kwa sababu ana wasiwasi tu, huyo ndiye anayeuharibu, na ajali mbaya zote alizoziona zilianza na mtu mwenye wasiwasi na spana. Kule hospitali, akasema, wakiona umekuja unalialia watakuanzishia uchungu kabla ya wakati, watamtoa mtoto hajaiva. Nikaona ana busara. Nilikuwa na umri gani hata nibishane na mtu aliyekuwa akisikia kwa masikio yake?

"Nelima, wewe nenda tu," Mama Zabuloni aliniambia tukiwa kambani. "Hata kama ni bure, nenda."

"Ainea anamsikia."

"Ainea ndiye amebeba?"

Nilimkasirikia. Nilitoa nguo zangu kambani zikiwa bado mbichi, nikaingia ndani. Watu wengi wamenieleza tangu wakati ule kwamba nisijilaumu, na nimeshaacha, si kwa sababu yao. Nilichoka tu. Lakini ninakumbuka jinsi nilivyotaka maneno ya Ainea yawe kweli. Niliyataka kama mtu anavyotaka maji. Kila jioni alipokuja na kuinama na kusema moyo iko, nilipumua na kulala usingizi, halafu asubuhi nikaamka na lile tumbo zito.

Jumapili tulitoka kanisani, nikashindwa kula. Mchana ulikuwa mweupe, wa jua kali, na laini yote imelala kwa shibe. Nilimwomba Ainea asikilize tena. Nililala, mlango ukiwa wazi, kuku wa jirani wakiingia na kutoka. Akaweka pembe, akafumba macho, akatabasamu. Kidole kikaanza. Nilikuwa na woga kiasi kwamba moyo wangu ulikuwa ukinidunda shingoni kwa nguvu. Niliweka vidole viwili pale chini ya taya, labda kujituliza, sikumbuki kwa nini. Na vidole vyangu vikahisi kile ambacho goti langu lilikuwa likihisi. Hapa na pale, pamoja. Nilishusha pumzi, shingo ikapunguza mwendo, na kidole cha Ainea kikapunguza mwendo. Nikaizuia pumzi, na vyote viwili vikapanda tena, sawasawa, kama miguu ya mtu mmoja anayetembea.

Sikupiga kelele. Nilimshika kichwa nikakiondoa kwenye tumbo langu, nikamwekea mkono wake shingoni pangu, na mwingine nikamrudishia gotini ili agonge vilevile.

"Ainea," nikasema. "Huo ni wangu."

Alinitazama mdomoni kana kwamba hakuelewa. Nikarudia. Aliacha mkono wake pale shingoni muda mrefu, akihesabu, akilinganisha, fundi hata wakati ule, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Kisha akakimbia nje bila viatu kutafuta gari.

Dereva mmoja wa kiwanda alitupeleka kwa pikapu, mimi mbele, Ainea nyuma akiwa ameshika kingo kwa mikono miwili. Hospitalini sista alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, akasikiliza juu ya kitovu na chini yake. Akamwita mwenzake aliyemzidi umri. Yule mwenzake alipoinama na yeye, nilitazama uso wake badala ya kutazama dari, na nikajua. Waliuliza alicheza mwisho lini, nikawaambia. Wakatazamana. Ainea aliyekuwa amesimama ukutani akasema kwa sauti yake kubwa ya mitambo kwamba jana alimsikia, juzi alimsikia, kila siku alimsikia. Yule sista mkubwa hakumgombeza. "Baba, mama akiogopa moyo yake inakimbia," akasema. "Hiyo ndiyo umekuwa ukisikia. Ya mtoto haikuwako." Wakanianzishia uchungu. Wodi ilikuwa na wanawake wengine, na wao watoto wao walilia. Wangu alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi, na kucha, na alikuwa ameanza kubanduka ngozi mabegani, na ndivyo walivyojua kwamba alikuwa ameondoka siku kadhaa. Nilimshika hadi waliponiomba niwape.

Tulimpeleka Mautuma amefungwa kwa leso. Mtoto asiyelia hazikwi na umati wala hapewi jina, na mama yake haruhusiwi kupiga mayowe. Mama mkwe na wazee wawili wa kike walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wakati wanaume wameketi mbele wakizungumzia bei ya mbolea ili wasionekane wanangoja. Mimi nilifungiwa jikoni. Nilisikia jembe likigonga jiwe. Mama mkwe alirudi na udongo kwenye miguu, akanawa, akanikanda maziwa yaliyokuwa yamenijaa kifuani yananichoma kama moto, akiyakamulia kwenye jivu la mafiga. Hakunikumbusha aliyoyasema. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, na ulipofika kwenye titi la pili nilisikia analia puani, taratibu, kama mtu mwenye mafua.

Ainea alirudi kazini kabla yangu. Niliporudi laini msumari juu ya kitanda ulikuwa mtupu. Kupitia ukuta nilimsikia mume wa Mama Zabuloni akimwambia mkewe kwamba Sikio alifika kwenye tanuru la kiwanda akiwa na kitu mkononi, akakitupa ndani. Ainea aliporudi nikapakua chakula. Tulikula. Mitambo ilikuwa imeanza tena kunguruma na vikombe vimeanza tena kutetemeka kwenye rafu. Watu wakaniambia nitapata mwingine, na kweli nilipata, na mwingine, na mwingine. Hakuna aliyenipa yule.

Mimi nilikuwa nimejipangia namna ya kuishi na msiba huo. Nilijiambia hivi: siku zile za mwisho Ainea alisikia moyo wangu, sawa. Lakini kabla ya hapo, miezi ile yote ya jioni, kidole kilikwenda mbio, upesi upesi, kama sista alivyogonga mezani. Moyo wangu hauwezi kwenda hivyo. Ule ulikuwa wake. Mtoto wangu alikuwa ameishi, nami nilikuwa nimemsikia kwa goti langu. Nilipolala nililiweka goti lile juu, nisililalie. Ni upuuzi, lakini lilikuwa kaburi langu, kwa kuwa lile la kwenye migomba lilikuwa limeshaota majani na hakuna aliyeniruhusu kulipalilia.

Mwisho wa mwaka tulikwenda Mautuma kwa likizo. Tulikuwa tumeketi sisi wawili kwenye ghala la mama mkwe, mchana, tukipukuchua mahindi, magunzi yakirundikana kati yetu. Nilimwambia Ainea, nikimtazama usoni ili anione mdomo, maana nilitaka kumpa kitu na yeye cha kumfariji. Nilimwambia nakumbuka jinsi alivyokuwa akinigongea gotini zile siku za kwanza, na kwamba namshukuru, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomjua mwanetu.

Aliacha kupukuchua.

"Nelima," akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Mimi masikio yangu iliharibika zamani. Mtambo iliikula. Hiyo beringi sisikianga na sikio, nasikianga na mkono. Ile chuma inatetemeka, inafika kwa vidole, inafika kwa mfupa ya taya. Watu wakaniita Sikio, nikanyamaza."

"Na mtoto?"

"Hata kule kliniki sikusikia kitu. Niliona haya. Sista alinitazama, wewe ulinitazama."

"Lakini ulinigongea. Ilikuwa mbio."

"Nilikuwa nagonga vile sista aligonga kwa meza. Nilifikiri siku moja nitasikia tu. Halafu siku ile ulisema hachezi, nikaweka sikio, ikanigonga mpaka kwa mfupa. Ilikuwa mara ya kwanza, Nelima. Nikafikiri ndiyo huyo, amefika. Ndiyo nilikataa uende."

Alilia, na nilimwacha alie. Sikumpiga, sikumfukuza, sikumsamehe pia. Nilikaa naye miaka yote iliyofuata hadi alipokuwa kiziwi kabisa na watoto wakawa wanamwandikia maneno kwenye karatasi, na nilimwosha mwenyewe alipokuwa anakufa. Lakini mchana ule ghalani niliokota gunzi jingine nikaendelea kupukuchua, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu cha mwanangu, yale mapigo gotini, na sasa nilijua kwamba hata hayo hayakuwa yake.